Mia na Sabini na Saba kwa Ishirini na Mbili

Niseme mapema tusije tukasumbuana: kwa hesabu, kuanzia Chanika mpaka darajani Korogwe, hajazaliwa wa kunikaribia. Nimemaliza kidato cha nne, na kwenye kijiwe cha kahawa cha Mzee Muhidini jina langu ni hilo hilo, Kidato. Fundi akitaka kuezeka banda huja kuniuliza mimi bati ngapi, kisha ndiyo anapima.

Basi siku hiyo habari ya kijiwe ilikuwa tangazo. Lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya TANU, na Hiza ndiye aliyetuletea, amelikariri. Hiza ni Msambaa wa Vugiri, anashusha viazi na kabichi kutoka milimani kuja kutuuzia, na hilo koti lake zito la kule hulivua siku ya kulifua tu. Jua la Handeni linachoma mpaka mbuzi wanajibanza uvunguni mwa lori, yeye kafunga vifungo vyote. Tunamwita Koti.

Koti akasema Sabasaba kutakuwa na mashindano ya shabaha Korogwe. Bunduki ya upepo, hatua sitini, risasi tatu kwa kila mtu. Mshindi anaondoka na baiskeli mpya.

Sote tukamgeukia Mdoe.

Mdoe ndiye mfukuza ndege kwenye shamba la mtama la kijiji cha ujamaa. Anashinda amesimama juani na bunduki kuukuu ya upepo iliyoachwa na meneja mmoja wa shamba la mkonge, ndiyo maana kijiwe kinamwita Sanamu. Kwa shabaha hana mpinzani. Tatizo lake ni njia. Shamba liko maili saba, na ndege hawasubiri mtu anywe uji. Kamati ya kijiji ilishampa onyo mara mbili kwa kuchelewa. La tatu, walimwambia, anakabidhi bunduki na kupewa jembe, aungane na wang'oa visiki upande wa porini. Mgongo wa Mdoe mnaujua ulivyo mbovu. Visiki vingemmaliza kabla ya mvua za vuli. Kwa hiyo aliposikia baiskeli, kikombe alikiweka chini bila kukitazama.

Koti akasema kuna jambo moja gumu. Bunduki ni za waandaaji na ziko za aina mbili, moja ya risasi nyembamba kama punje ya mtama, nyingine nene kama kunde. Mshindani anachagua wakati wa kuandikishwa, na akishachagua habadilishi.

“Nyembamba,” akasema Koti. “Hatua sitini ni mbali. Nyembamba inakwenda kama uzi uliovutwa. Nene inaanza kuinama haijafika nusu, kama ninyi Wazigua mkipanda Vugiri.”

“Mtani,” akajibu Mdoe, “hiyo nyembamba yako ikikutana na upepo wa uwanjani tutaiokota Mombo. Bunduki yangu ya shambani ni ya kunde. Najua inaanguka kiasi gani. Nalenga juu ya ndege kidole kimoja, inamshukia kifuani.”

Kijiwe kikawaka. Koti alisema risasi nene ni kabaila: nzito, mvivu, inataka kubebwa na pumzi za wenzake. Mdoe akasema nyembamba ndiyo bepari, ina haraka ya kufika peke yake, na tundu lake dogo la kificho mpaka ulitafute kwa miwani. Koti akataja kasi, Mdoe akataja uzito, Koti akarusha kokwa ya embe na punje ya mtama kwa pamoja ili kuthibitisha, kokwa ikatua kwenye beseni la kuoshea vikombe. Mzee Muhidini akafuta maji usoni kwa pindo la kanzu, akauliza kama hizo risasi zimeshahudhuria mkutano wa balozi wa nyumba kumi, maana anaona zinajua siasa kuliko sisi.

“Mwacheni anayelenga achague,” akasema mzee.

Mdoe akachagua kunde.

Hapo ndipo nilipohitajika. Fomu, alivyosema Koti, haikuandika nyembamba wala nene. Iliandika namba tu, 177 na 22, na yeye hakujua ipi ni ipi. Nikaomba nafasi. Nikachora namba zote mbili mchangani kwa kijiti, moja juu ya nyingine, nikamuuliza Koti ipi kubwa.

“Mia na sabini na saba,” akasema.

“Basi nene ndiyo hiyo. Tatizo lenu hamkusoma.”

Nikatumwa mimi Korogwe kumwandikisha Mdoe, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka na yeye hawezi kuacha shamba. Nikaenda, nikaandika 177, nikarudi.

Siku ya Sabasaba uwanja ulijaa. Mdoe alivaa shati jeupe la kuazima, akaitwa, akapewa bunduki na kikopo cha risasi. Alipotoa humo risasi ya kwanza nilikuwa hatua nne tu kutoka kwake. Punje ya mtama. Alinitazama. Mimi nikatazama gwaride.

Mkono wake ulifanya ulichozoea. Akalenga juu ya duara kidole kimoja, akisubiri risasi iiname. Haikuinama. Ilipita juu ya ubao kama ina ahadi mahali, ikagonga bati la banda la maonyesho, na ng'ombe wa maziwa aliyekuwa amelala humo akasimama. Ya pili Mdoe akashusha kidogo, ikatoboa fremu. Ya tatu ndipo alipoielewa, akaipeleka katikati kabisa, pale penye doa jeusi. Watu wakapiga makofi, lakini moja katikati haishindi tatu za karibu karibu. Baiskeli ilichukuliwa na mwalimu wa Vugiri, Filemoni, binamu yake Koti. Koti aliipiga kengele ya hiyo baiskeli mpaka mwenye mali akamwondoa mkono.

Huyo Filemoni ndiye aliyetuambia kwamba ishirini na mbili ndiyo nene.

Kijiweni siku ya tatu yake Mdoe hakunipigia kelele. Angenipigia ningefurahi. Aliketi, akasema asubuhi ile alifika shambani pamoja na katibu wa kamati, bega kwa bega, na katibu akatazama saa. Kisha akaniuliza kwa upole ilikuwaje.

Nikamwambia kweli yangu. Kwamba mimi mwenyewe nilipofika mezani niliingiwa na shaka, nikamuuliza karani, na karani akaniapia kwa jina la mama yake kwamba 177 ndiyo nene. Nilipoona Mdoe ananisikiliza nikaongeza kwamba karani alikuwa na usingizi.

Mdoe akasema kama kosa ni la ofisi basi ofisi imrudishie risasi zake tatu. Nimwandikie barua. Alitaka arudie kulenga, kwa kunde, mbele ya mashahidi. Koti akaunga mkono, akasema hata Filemoni atakubali kwa ajili ya haki. Mzee Muhidini akanipa ubao wa kashata niandikie juu yake. Nikatoa kalamu, nikaandika barua tamu. Nilikuwa nimefika kwenye maneno “uzembe wa karani wako” gari la Korogwe liliposimama upande wa pili, akashuka msichana na bahasha ya kaki.

Akamwamkia mzee shikamoo, akasema anaitwa Yuditha, ametumwa kuleta vyeti vya washindani, anamtafuta ndugu Mdoe. Mdoe akainuka kupokea chake. Koti, ambaye hajui kunyamaza, akamweleza kwamba ndiyo kwanza tunamshitaki karani aliyeandikisha watu.

“Aliyeandikisha ni mimi,” akasema Yuditha. “Nilikuwa peke yangu pale mezani.”

Akasogea, akasoma barua kupitia begani kwangu, pole pole, mpaka pale wino ulipoishia.

“Ndugu, wewe nilikuonyesha nukta,” akasema. “Mbele ya kila namba kuna nukta. Nikakuambia hizo ni sehemu za inchi, kwa hiyo ishirini na mbili ni sawa na mia mbili na ishirini, ndiyo nene. Ukaniambia nirudi darasa la tatu. Nikataka kukufungulia makopo uone risasi kwa macho, ukasema una haraka.”

Nikawaambia wenzangu kwamba makarani hufanana sana, na kwamba mimi dada huyu simjui, sijapata kumwona maishani.

“Basi ukimaliza kunishitaki,” akasema Yuditha, “naomba kalamu yangu. Nimeitafuta wiki nzima.”

Mdoe akainama, akaitoa kalamu katikati ya vidole vyangu, akampa mwenyewe. Akaitazama barua, akanitazama mimi.

“Kidato,” akasema, “kutoka hapa mpaka shambani ni maili saba. Kesho alfajiri tunakwenda wote. Utanionyesha hiyo nukta unaiweka wapi ili zipungue.”