Wiski ya Moshi na Leso ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mambo ni moto hotelini! Bosi amerudi safari na chupa ya wiski ya Kiskoti iliyokaa pipani miaka thelathini. Adimu kweli kweli. Shayiri yake, anasema, ilikaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi. Tutaionja Jumamosi, na mwenye pua kali kuliko wote atapewa usimamizi wa baa mpya. Baa! Mimi, niliyeozea mapokezi nikigawa funguo na kulaumiwa kwamba maji ya moto hayatoki! Sijawahi kuonja wiski maishani, lakini hiyo ni siri yangu. Mpinzani ni mmoja tu: Kipepeo, mhudumu wa mgahawa, tunayemwita hivyo kwa ile tai yake ya shingoni yenye mabawa mawili. Aliniuliza kwa upole kama najua kunusa. Nikamjibu kwamba nilizaliwa nanusa. Akacheka! Atanitambua.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi yameanza. Nimechota tope mtaroni, nikalikaanga mpaka likakauka, nikalichoma pamoja na vumbi la mbao. Kisha nikajifunika shuka, nikauinamia moshi na kuvuta pumzi ndefu. Raha iliyoje! Mama watoto akauliza kama nimerogwa. Mama mkwe, aliyekuja kwetu kutibiwa goti, akasema yeye alimwonya binti yake mapema. Wakatoka nje wote wawili wakikohoa.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi tena, asubuhi na jioni. Pua imeziba kabisa. Nadhani inakusanya nguvu.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango mpya, bora kuliko ule! Kwa nini nibahatishe? Funguo zote za hoteli zinaning'inia nyuma ya kiti changu, na wa kabati la bosi ukiwemo. Bosi alipokwenda kula, nikaingia ofisini. Nia yangu ilikuwa kunusa tu, nikapange maneno ya Jumamosi. Lakiri ya kuzibia chupa bosi alishaibandua mwenyewe. Nikavuta kizibo. Kikakatika! Nusu mkononi, nusu ndani, kimekuwa unga!  Nikakimbilia stoo na chupa, nikachomoa mfukoni leso niliyoiokota kitini nyumbani, nikachuja wiski yote kwenye jagi na kuirudisha. Kizibo nimekipata kwenye chupa tupu ya mvinyo, nikakichonga kikaingia. Harufu sikuisikia hata kidogo, pua bado inakusanya nguvu. Lakini hakuna aliyeniona. Mimi ni hatari!

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Nimefika nyumbani nikamkuta mama mkwe akipekua kila kona. Leso yake haionekani, ile anayofungia goti, iliyolowa dawa ya kuchua. Nikaigusa mfukoni ile niliyoiokota kitini: ndiyo hiyo! Nimemwambia huenda upepo umeichukua, kisha nikaenda kuitupa jalalani. Wiski ya miaka thelathini nimeichuja kwa goti la mama mkwe!

Jumamosi, 8 Machi

Bosi akamimina, kidogo kidogo. Mhasibu akanusa, akasema hospitali. Mpishi akasema dawa ya kuchua! Kipepeo akafumba macho, akataja moshi, chumvi ya bahari, bandeji, dawa ya misuli, na asali kwa mbali. Bosi akapiga makofi. Kumbe wanalisifu goti!  Ikitajwa dawa mara moja zaidi, mtu atauliza imetoka wapi. Nikasimama. Nikatangaza kwamba dawa haimo hata chembe, kwamba anayeisikia ana mafua, na kwamba mimi nasikia waridi, maziwa na mkate.  Nikabugia glasi nzima ili kuthibitisha. Lo! Koo liliwaka, machozi yakanitoka, kamasi zikafuata. Nikasema tena, kwa sauti iliyobaki, waridi. Bosi akasema ameonja na watu wengi, lakini pua iliyokufa kama yangu hajapata kuiona. Baa amepewa Kipepeo. Nimeumia sana.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe ameipata leso yake! Ilikuwa chini ya godoro, inanuka dawa chumba kizima. Kumbe niliyoitupa ni ya mama watoto, ambaye sasa anaitafuta: safi, imepigwa pasi, hata haijatumika.  Kwa hiyo ile harufu ya dawa ilikuwa ya wiski yenyewe, kwa ule moshi wa kinamasi, na Kipepeo alisema kweli tupu!

Nimetafakari kutwa, na kosa langu sasa naliona wazi. Nilichujia leso isiyo yenyewe! Kama wiski ya miaka thelathini inanuka vile, basi utajiri wote ninao humu humu ndani. Nimeshanunua chupa ya wiski rahisi kabisa pale dukani. Kesho bosi ataletewa ya miaka arobaini, na Kipepeo atarudi kubeba sahani.

Mama mkwe yuko bafuni anaoga. Leso iko juu ya kiti.