Mikono ya Jezi za Zimamoto

Redio ilikuwa haijamaliza kutangaza kwamba fainali ya raga ni Zimamoto na Posta, Kipenga akaizima pale kwenye benchi la kahawa. Zamani alikuwa refa. Akijua jambo, hapendi redio imsaidie.

"Zimamoto? Hao wamefikishwa fainali na jezi mbovu!"

"Tangu lini jezi ikacheza raga?" akauliza Kifua, mpakuzi wa magunia, huku akipuliza kahawa yake.

"Sikiliza, bwana wee! Nusu fainali, beki wa Reli kamdaka yule winga wao mwenye mbio, kamdaka kisawasawa. Vuta nikuvute, mkono wa jezi ukachomoka begani, krraa! Beki kabaki nao kama kashika soksi ya mtoto. Winga huyooo, kavuka mstari, kagusisha mpira chini. Kwisha habari ya Reli!"

Benchi zima likageukia barazani kwa Sindano. Jezi za Zimamoto alizishona yeye. Akainamia cherehani yake kana kwamba kuna kitu kimemdondokea ndani. Jioni hiyo hiyo nahodha wa Zimamoto angepita kusema nani atashona jezi za fainali.

"Na Posta je?" akauliza mke wa Sindano, aliyekuwa akikata vitambaa mlangoni, kwa sauti ya mtu asiyejua kitu. Jezi za Posta zilikuwa kazi ya mikono yake.

"Shemeji," akajibu Kipenga, "Posta walishikana jezi watu wanane wakawa fungu moja, wakasukuma mpaka mstarini. Wapinzani walivuta, wakaning'inia, hata uzi mmoja haukukatika! Zile jezi zinavuta lori."

"Kumbe fainali ni mume na mke!" Kifua akacheka hadi kahawa ikammwagikia. "Sindano, leo unalala sebuleni."

"Siku ile umeme ulikuwa unakatikakatika," Sindano akajitetea.

"Umeme?" Kipenga akamkata. "Si cherehani yako ya miguu hiyo?"

Kicheko hakijatulia, nahodha akatokea, mabega yameziba njia. Sindano akasimama.

"Kaka, nisamehe. Safari hii napiga uzi mara mbili..."

"Thubutu! Mikono ile ile. Ukiongeza hata mshono mmoja, kombe tutakuja kulidai kwako."

Nahodha alipoondoka, Sindano akakaa kwa madaha, akashona mkono wa majaribio. Kifua akauvuta. Haukutoka. Akaweka mguu ukutani, akavuta tena. Wapi! Sindano akashona wa pili, ovyo kadiri ya uwezo wake. Nao ukagoma.

"Jamani, nimesahau kuharibu!" Jasho lilikuwa likimtiririka.

Mkewe akaweka mkasi chini. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akaegemeza kidevu kiganjani.

"Zile za kwanza ulizishona nimekaa hapa hapa, nakutazama hivi hivi," akasema taratibu. "Shona, mume wangu."

Miguu ya Sindano ikaanza kubabaika juu ya kanyagio, kitambaa kikaenda upande.

Kipenga akaushika mkono wa tatu kwa vidole viwili tu.

Krraa.