Kuhusu Mwanangu Mwenye A Nne na Doriani Zilizokatwa Mbichi

Khoo Saw Gaik,
Shamba la Teoh,
Balik Pulau, Penang.

Kwa Mtahini Mkuu,
Baraza la Mitihani ya Kimataifa ya Kumaliza Shule.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa heshima zote unazostahili, ambazo kwa sasa si nyingi, lakini zote ni zako.

Mimi ni mjane, mkulima wa doriani, yale matunda makubwa yenye miiba. Mwanangu Wen Jie alifanya mtihani wenu akapata A nne. Nilichinja bata wawili, majirani wakala wakashiba. Cheti chenu kinasema kwamba mwenye nacho yuko tayari kwa chuo kikuu na kwa kazi. Nilikitundika ukutani, kando ya picha ya marehemu baba yake. Sasa sikiliza huyo aliye tayari alivyofanya.

1. Chuo kikuu. Profesa aliwaambia, "Someni kitabu hiki, kisha mniandikie mnavyofikiri." Wenzake wakaanza kuandika. Wangu akanyoosha mkono: "Ni la alama ngapi, Profesa?" Akaambiwa halina alama, afikiri tu. Mheshimiwa, mtoto alikaa wiki tatu akisubiri swali! Miaka miwili alikuwa amekariri miongozo yenu ya kusahihisha, akajua neno lipi lina alama na lipi halina. Kufikiri hakukuwa na alama. Muhula ulipokwisha, alirudi nyumbani na begi lake.

2. Kazi. Kiwanda kimoja kule Bayan Lepas kilimwita kwenye usaili. "Mteja akija na hasira utafanyaje?" bosi akamuuliza. Wen Jie akatoa sababu mbili za hasira, hoja moja ya kuzipinga, na hitimisho. Bosi akamwambia, "Kijana, mteja kashaondoka."

3. Shamba. Hapa nakuomba ukae kwanza. Kila mtoto wa Balik Pulau, hata anayenyonya, anajua kwamba doriani haikatwi. Unatandaza wavu, unasubiri, ikiiva inaanguka yenyewe. Mwanangu alihesabu siku tangu maua yalipochanua, akapanda na panga, akakata doriani zote za miti mitatu ya babu yake. "Ma, nimekuokolea muda," akaniambia, uso unamng'aa. Mzee Ooi, mnunuzi wetu wa miaka ishirini, aligonga moja kwa kisu, akacheka mpaka akashika kiuno. "Dada Saw Gaik, hizi wauzie mafundi ujenzi, wajengee ukuta!" Nililia kwa aibu, tena mbele ya watu.

4. Uchumba. Puay Ling, binti mzuri, mpishi hodari, alimuuliza, "Wen Jie, hivi unanipenda?" Akajibu, "Kwa kiasi kikubwa, ingawa yapo mambo mengine ya kuzingatia." Puay Ling sasa kaposwa na fundi pikipiki asiye na cheti hata kimoja, ambaye alipoulizwa swali hilohilo alisema, "Ndiyo."

Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo sikuombi unirudishie mwanangu niliyekuwa naye. Naomba umchukue huyu uliyemtengeneza. Mpe meza, kalamu nyekundu na karatasi za watoto wa wengine, asahihishe mpaka astaafu, kwa kuwa ndiyo kazi pekee duniani mliyomwandaa kuifanya. Kama nafasi hamna, basi nitumieni msimamizi mwenye saa asimame sebuleni kwangu, na kila Wen Jie anapoulizwa jambo, atangaze lina alama ngapi. Chakula nitampa. Doriani ninazo nyingi, ngumu.

Wasalimie watahini wenzako wote, na wachapaji, na wanaofunga bahasha. Yule aliyebuni maneno "tayari kwa kazi" msalimie mara mbili.

Ni mimi, ambaye subira yangu imebaki kidogo,
Khoo Saw Gaik

N.B. Nilimpa Wen Jie barua hii aniangalizie tahajia. Kairudisha na alama saba kati ya ishirini, na maneno haya pembeni: "Hoja ni nzuri. Ila mwandishi hakueleza ni nani aliyefunga lango la shamba miaka kumi, akisema, 'Wewe hutachafua mikono, nenda kasome!'" Nimeyasoma mara tatu. Ni mimi. Mdogo wake, Wen Min, anafanya mtihani wenu Oktoba, na lango bado limefungwa. Tafadhali nitumieni karatasi za miaka kumi iliyopita, pamoja na majibu yake.