Pikipiki Iliyoshiba Mashudu

Jumatatu, 15 Julai 1991. Ilongero.

Bi Asnath amekubali! Si ndoa. Hilo sijathubutu kulitamka, ingawa ni mwaka wa tatu sasa nalifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea. Amekubali nimpeleke Mtinko kwa pikipiki siku ya Jumapili, kwenye Sikukuu ya Mavuno, ambako kwaya anayoifundisha itaimba. Wanakwaya watakwenda kwa tela la trekta, na mgongo wake haupatani na tela.

Kwa bahati mbaya amemkubalia pia Bwana Damiani, bwana mifugo mstaafu, mgane mwenzangu, mwenye pikipiki mpya na kicheko kikubwa. Atakayefika mlangoni kwanza ndiye atakayembeba. Mimi bado ananiamkia shikamoo, jambo lisilo dalili njema. Damiani humwambia “habari za leo”. Kisha Bi Asnath alilitazama tairi langu la nyuma, akanitazama nami, maana nilikuwa nimevua kofia kwa heshima. Akasema, “Mzee Yeremia, safari moja kipara kimoja kinatosha. Hicho cha nyuma kabadilishe.”

Nimekwenda Singida mjini. Zamani mtu alitafuta kibali, akapanga foleni, akapewa tairi, akashukuru. Siku hizi duka limejaa mpaka dari! Muuzaji, Bwana Calist, aliniuliza nataka la aina gani. Nilishikwa na kizunguzungu. Tangu nizaliwe, si serikali wala misheni iliyowahi kuniuliza swali kama hilo. Palikuwa na ya lami, ya mchanga, ya meno marefu, ya meno mafupi. Calist alinisihi nichukue lenye namba sawa na la zamani. Lakini kwenye kona palikuwa na moja lenye vumbi ambalo, kwa dhahiri, hakuna aliyewahi kulitaka. Nililionea huruma. Nimelinunua. Calist alilalamika, “Hilo ni pana mno, Mzee, halikufai.” Nilimwomba radhi.

Jumanne, 16 Julai.

Kazi nimeifanyia nyumbani. Gervas, fundi wa pikipiki, ni mtu mwema, lakini kwenye benchi lake hushinda Damiani akisimulia habari za watu. Siri yangu ingefika Mtinko kabla yangu.

Sina vyuma vya kubandulia tairi. Nimetumia vijiko vya marehemu mke wangu. Martina, uniwie radhi. Viwili sasa vinafanana na ndoana. Tairi jipya lilikataa kupanda kwenye rimu, basi nikalimiminia mafuta ya alizeti. Lo! Likateleza kama Yona kinywani mwa samaki! Nikapiga pampu kwa shangwe. Nikasikia sauti ya nyoka. Kijiko kilikuwa kimeing'ata tyubu.

Dada yangu mkubwa, Leah, aliingia uani, akaona mafuta, akaona vijiko, akauliza tangu lini pikipiki inakaangwa.

Jumatano, 17 Julai.

Viraka! Solusheni haishiki penye mafuta. Kila kiraka nilichobandika kilihama taratibu, kama mgeni asiyetaka kuaga. Nimeosha tyubu kwa sabuni, nikaifuta kwa shuka, nikabandika upya. Ikashika. Nikajaza upepo. Ila tyubu ni nyembamba na tairi ni pana. Ilivimba peke yake humo ndani, ikitafuta ukuta wa kuegemea, ikapasuka. Kuku wote walikimbilia kwa jirani. Nimekwenda kumwomba radhi jirani.

Tyubu ya upana ule Calist hana. Amesema labda wiki ijayo. Wiki ijayo Bi Asnath atakuwa ameshapakiwa na Damiani, amesikia kicheko chake kwa karibu, na mimi nimekwisha.

Alhamisi, 18 Julai.

Ufunuo! Tulipokuwa misheni, wenye baiskeli walijaza nyasi tairi zilipokosa tyubu. Lakini nyasi hukwaruza, na mgongo wa Bi Asnath si wa kuchezea. Nikawaza: mashudu! Penye mashine ya kukamua alizeti makapi hayo ya mbegu yamelundikana, na wenyewe wanafurahi ukiwaondolea. Yakiwa na unyevu ni laini, yakikauka ni magumu. Kitu gani zaidi mtu aombe?

Nimeshindilia kwa mchi hadi jioni. Leah alisimama akitazama. Akasema, “Mdogo wangu, lishe umeshampa. Wa kumkamua ni nani?” Nikaendelea kushindilia. Dada ni dada.

Jumamosi, 20 Julai.

Tairi limekauka. Gumu kama mimbari! Nimezunguka soko zima bila kuanguka.

Amebaki Damiani. Pikipiki yake inakimbia kuliko yangu, nayo saa ya kuondoka ni ile ile. Nikaonelea si dhambi kubwa kumpunguzia upepo kidogo tu, kwa ajili ya usawa. Nilikwenda kwake alasiri. Nilibisha hodi kwanza, kwa kuwa kuingia uani kwa mtu bila hodi ni utovu wa adabu. Hakuitika. Nikachuchumaa kwenye gurudumu, nikafungua kifuniko. Hapo akatokea akitafuna muwa.

Aliuliza nafanya nini. Nilisema nimepita kumkagulia upepo, kesho ana safari. Aliguswa sana! Alisema hakujua kama nina roho nzuri namna ile, akaniletea pampu. Nimemjazia magurudumu yote mawili. Alisimama kando akihesabu kwa sauti na kunitia moyo, “Ongeza, Mzee wangu, ongeza!” Mabega yananiuma ninapoandika.

Jumapili, 21 Julai.

Naandika kwa tabu.

Nilifika kwanza! Niliondoka nyumbani kabla ya wakati, nikasubiri mlangoni kwa Bi Asnath kama nguzo. Alipanda, kitenge amekikaza, kitabu cha nyimbo kifuani. Nilimwomba radhi kwa kila shimo. Alisema pikipiki yangu haina kishindo, anajiona amekaa kwenye kochi. Kwenye kochi! Nikaamua kwamba tukivuka mto mkavu nitalitamka lile neno.

Tulivuka. Nikafungua kinywa. Bi Asnath akanipiga begani, akasema tunafuatwa.

Joto lilikuwa limepasua ubavu wa tairi. Nyuma yetu mashudu yalikuwa yamechora mstari barabarani, na juu ya mstari walikuwa ng'ombe. Sita, bila mchungaji, wakiongozwa na dume jeusi. Nikaongeza mwendo. Mashudu yakamwagika zaidi. Ng'ombe nao wakaongeza. Penye mwinuko pikipiki ilichoka, dume likatufikia, likalamba gurudumu, kisha likalamba kitenge. Nilimwomba radhi Bi Asnath. Nililiomba radhi dume.

Ndipo Damiani akatokea katikati ya vumbi. Hakuwatazama hata ng'ombe; macho yote kwa Bi Asnath. Akapaza sauti, “Ee Mzee Yeremia, umeajiriwa lini kuchunga?” Bi Asnath akahamia kwake bila kuaga. Walipaa kama ndege, juu ya upepo nilioujaza kwa mikono yangu.

Nikasukuma pikipiki hadi Mtinko. Ng'ombe wakanisindikiza wakilamba.

Katika sikukuu hii, chochote kinacholetwa uwanjani pa kanisa ni sadaka: karanga, kuku, mbuzi. Huombewa, kisha hunadiwa. Nilipoingia langoni mchungaji wa usharika alikuwa ameinua mikono. Aliona ng'ombe sita nyuma yangu. Machozi yakamtoka. Akasema kwamba tangu kanisa lijengwe haijaonekana shukrani kama hii, na Bwana aipokee. Akanyamaza, akanitazama.

Nimelelewa misheni. Mchungaji akinyamaza, kinywa changu hujisemea.

Nikasema, “Amina.”

Damiani, aliyesimama karibu na kwaya, alicheka sana. Kisha akaliangalia dume jeusi vizuri. Kicheko kikakatika. Bi Asnath naye akaangalia, akauliza, kwaya nzima ikisikia, “Damiani, huyo mweusi si yule wako unayemlisha kwa shemeji yako hapa Mtinko?”

Watu wote wakageuka. Damiani akafungua kinywa. Akamtazama mchungaji, ambaye mikono bado ilikuwa juu. Akamtazama Bi Asnath.

“Ni wangu, wote sita,” akasema, kwa sauti nyembamba kama ya upepo unaovuja. “Nimetoa.”

Vigelegele! Bi Asnath alimshika mkono mbele ya usharika mzima. Alisema hakujua kama nyuma ya kicheko kile kuna moyo wa namna hii, na kwamba posa yake ameikubali. Kwa kadiri nijuavyo, Damiani alikuwa bado hajaposa. Mchungaji alitangaza uchumba papo hapo. Mnada ulipoanza Damiani alilia. Watu walisema ni furaha.

Jumanne, 23 Julai.

Damiani amekuja kunisalimu. Alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi, na kwa nguvu kuliko ilivyo lazima. Alisema, “Asante, Mzee wangu, umenipatia mke,” na meno yake hayakuachana hata kidogo. Nilimwomba radhi. Ndoa ni Septemba.

Baada ya tafakari ya kina nimegundua kosa langu. Tairi halina lawama. Bi Asnath mwenyewe alilifananisha na kochi. Kosa ni mashudu.

Nimejitolea kumpeleka bibi harusi kanisani kwa pikipiki. Alipopata salamu zangu alicheka hadi akakaa chini, na kicheko cha mwanamke si kicheko tu. Njia ni ndefu. Huenda akabadili nia tukivuka mto.

Leo nimeanza kujaza tairi upya, kwa mtama. Mtama huvuta ndege tu, na ndege hawana uzito.