Kitengo cha Kuzoea

Iwe taarifa kwa kila mwenye masikio, na hata kwa wale wanaosikia pale tu wanapotaka: mwaka 1995 mji wa Mwanza ulipata Kitengo cha Kuzoea. Kilikuwa na chumba, kabati lisilofungika, mihuri ya kutosha, na Mkurugenzi, naye ndiye Bwana Malimi Mashimba.

Kitengo hakikuanzishwa kwa kukurupuka. Milango ya uchumi ilikuwa imefunguliwa, na pamoja na mitumba na soda za makopo wakaingia wageni: wenye viwanda vya minofu ya sangara, mafundi wao, wake zao na mbwa wao. Wote walitaka vibali vya kuishi. Sawa, alisema Bwana Malimi, mgeni anaweza kuwa na pasipoti, picha na risiti, lakini je, amezoea? Wakubwa wa Dar es Salaam walipoulizwa swali hilo walikosa jibu, na kwa kuwa walikosa jibu wakampa ofisi.

Akaandika Mwongozo wa Kuzoea kwa mkono wake. Sentensi aliyoipenda kuliko zote, ambayo aliwahi kuisoma hata kwenye harusi, ilikuwa hii: Mkazi ni mtu ambaye watu wa nyumba kumi zake wamemwona msibani, akifanya kazi. Shahidi ni balozi wa nyumba kumi. Tangu vyama vingi vije hakuna aliyekuwa na hakika kama balozi bado ni wa chama au ni wa nyumba tu, ila Mwongozo haukujali mambo madogo.

Wa kwanza kupimwa walikuwa Waholanzi. Bwana Piet alikuwa fundi wa mitambo ya barafu kiwandani, na tajiri wake, mtu mwenye mkono wa birika, alikuwa amempangishia nyumba Igogo badala ya kule mlimani kwa wazungu wenzake. Mkewe aliitwa Marijke, jina ambalo Igogo walilijaribu asubuhi moja wakaliacha. Kwa kuwa binti yao aliitwa Lotte, mama akawa Mama Lota, mambo yakaisha.

"Mwangaluka!" alisalimia Mama Lota alipoingia ofisini.

Bwana Malimi hakuitikia. Salamu ya Kisukuma haikuwa kwenye utaratibu. Akafungua Mwongozo.

"Swali la kwanza. Mnakula ugali?"

"Tunakula. Wa muhogo zaidi."

"Mmeonekana msibani?"

"Bado. Nani amekufa?"

"Hilo si jukumu la Kitengo," alisema Bwana Malimi kwa upole. "Ofisi haiwezi kumlazimisha raia kufa. Subirini."

"Lakini kibali chetu kinaisha mwisho wa mwezi!"

"Basi ombeni Mungu," alisema, kisha akaona ameteleza. "Kwa utaratibu, lakini."

Mungu ana yake. Wiki haikupita, mzee mmoja wa Igogo akafariki, na Mama Lota akafika msibani kabla turubai halijafungwa. Akapewa ndizi amenye. Akamenya mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Msiba uliofuata akapewa mwiko, na mumewe akapasua kuni huku shati limemganda mgongoni. Wanawake wakacheka, wakamfunga Mama Lota kitenge vizuri, wakamfundisha kulia. Habari zilipofika ofisini, Bwana Malimi alizipokea kwa uchungu wa mtu aliyejenga ukuta mrefu akaona mbuzi ameuruka. Akagonga muhuri. Afanyeje? Mwongozo ni Mwongozo.

Ndipo ikaja barua kutoka Dar. Wakubwa walikuwa wameupenda Mwongozo kupita kiasi. Bwana Malimi alikuwa ameteuliwa kwenda Uholanzi miaka miwili, yeye na familia, akasomee elimu ya juu ya wageni. Jioni hiyohiyo mkewe, Angela, aliuza makochi. Siku ya pili akawanunulia watoto makoti ya mitumba yenye manyoya, wakashinda nayo uani wakitoka jasho, wakifanya mazoezi ya baridi.

Mwishoni mwa barua kulikuwa na mstari mmoja. Kwa ubora wake, Mwongozo sasa utatumika pia kwa raia wanaoomba pasipoti, kuanzia na mwandishi wake, awe mfano.

Bwana Malimi akacheka. Yeye, mzaliwa wa Mwanza, mwenye nyumba Igogo yenye ukuta uliopandwa vipande vya chupa! Akaenda kwa balozi, Bi Tereza, akamkuta anaanua dagaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Umetokea wapi?"

"Mimi ni wa hapahapa. Nyumba ile yenye ukuta."

Uso wa Bi Tereza ukachanua. "Aaa! Kwa Maige!"

Maige alikuwa dereva wake. Alikaa kibanda cha uani.

"Maige ni dereva wangu, mama. Nyumba ni yangu."

"Eee?" Bi Tereza alimwangalia kwa huruma. "Maige tunamjua. Kila msiba yupo. Analeta rambirambi, anachota maji, kaburi anachimba. Mtu mwema sana yule. Hajawahi kusema kama ana mgeni."

Hapo Bwana Malimi akakumbuka. Ni kweli. Miaka yote, kukitokea msiba, alimpa Maige bahasha na kumwambia, "Wape pole." Hakuona kosa, kwani mtu mzito hutuma. Na Maige, akishatumwa, alikaa kufanya kazi na wenzake. Kazi ya msiba haitumwi kwa bahasha.

"Kuna jirani anayenijua," alisema haraka. "Mama Lota! Ni mkazi halali. Nilimgongea muhuri mwenyewe!"

Mama Lota akaitwa. Alikuja na unga mikononi, akamtazama Bwana Malimi kwa uaminifu wa watu wa kwao, uaminifu usiojua kubembeleza.

"Namjua," alisema. "Yule wa ofisini. Anakaa kwa Maige. Asubuhi Maige anamtoa, jioni anamrudisha."

Bi Tereza akaandika barua papo hapo, kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni. Ilithibitisha kuwa mwenye barua hii, Malimi Mashimba, ni mgeni wa Bwana Maige, hana ubaya unaojulikana, na bado hajazoea.

"Mama, ndege yangu ni wiki ijayo. Watoto wamevaa makoti!"

"Pole, mwanangu. Mama yake jirani yetu Kija amefariki leo. Njoo na mwenyeji wako, tukuone."

Alirudi nyumbani, akakuta sebule haina makochi. Angela alisimama katikati. Bwana Malimi aliona aibu ya kweli, ile isiyopigiwa muhuri. Akavua tai. Akamwita Maige, na kwa mara ya kwanza hakumwagiza, akamwomba ampeleke msibani.

"Twende, mzee," alisema Maige. "Ila kwa miguu. Gari msibani linaziba njia."

Msibani hakuna aliyeinuka kumpisha. Vijana wakampa shoka, akalikosa gogo, akalikosa tena, akapata kidole gumba. Watu wakasogeza mabenchi mbali kidogo kwa usalama. Bi Tereza alikaa chini ya turubai, akitazama bila haraka.

Wakati wa chakula, Mama Lota alipita na sinia, jasho linamtoka, kitenge kimefungwa sawasawa. Akafika mbele ya Bwana Malimi, akasita. Hakutaka kumwaibisha. Akainama kwa dereva.

"Maige," aliuliza taratibu, "mgeni wako anakula ugali?"

Maige akamwangalia bosi wake, kidole kimefungwa kitambaa, vumbi la kuni kwenye nyusi.

"Mpe kidogo tu," alisema. "Bado anazoea."