Nishani za Meja Wikomu

Serikali ilitangaza, kwa baragumu na bendera, kwamba kuanzia Jumatatu kila mkazi wa Marani ataheshimu nishani za Meja Wikomu bila kuchelewa na bila kuuliza. Lilikuwa tangazo jema. Vita vilikuwa vimekwisha, na ushujaa ukiachwa hivi hivi huota kutu.

Meja, Mzungu wa serikali, alikuwa na nishani nne. Kubwa kuliko zote aliipata kwa kuvuka mto huko Burma, akiwa mgongoni mwa askari Ombui. Ombui naye alipewa blanketi, maana alilowa. Sasa alikuwa mkalimani wa Meja.

Heshima ilihitaji jukwaa la kupigia saluti. Uchunguzi wa kitaalamu ulionyesha kwamba mahali pafaapo ni penye nyumba ya Nyanchama, mjane mzee, kwa sababu migomba yake ina kivuli kizuri. Nyumba ingebomolewa Ijumaa. Mumewe alikuwa amezikwa kando ya ukuta.

Ombui alimletea habari hiyo macho yakiwa chini.

"Kula kwanza, mwanangu," Nyanchama alimwambia. "Maneno kama hayo hayabebwi na njaa."

Akala. Nyanchama aliona kwamba aliosha bakuli mwenyewe, akaenda kumjazia mtungi kisimani.

Siku ya mkutano Meja alipaza sauti kwa Kiswahili chake: "Heshimuni nishani zangu!"

Ombui akakohoa, kisha akageuza kwa Ekegusii: kila mtu awe na chinsoni na Meja. Chinsoni ni ile haya ya mtu na mkwe wake: humtazami usoni, humpi mkono, huli mbele yake, wala yeye hakanyagi mlango wako.

"Chinsoni?" mzee Obwocha aliuliza. "Kama mkwe?"

"Nishani, chinsoni. Sikio lako linakwambiaje, baba?"

"Hata Nyanchama?"

"Nyanchama wa kwanza."

"Wanasemaje?" Meja akauliza.

"Wamekubali, bwana. Wanauliza kama mama yule naye yumo."

"Kila mtu!" Meja akanguruma. "Tena amri hiyo ipigwe muhuri!"

Ikapigwa.

Utii ulikuwa kamili. Meja alipopita, watu waliingia migombani. Soko zima lilimpa mgongo. Mpishi wake, kwa heshima kuu, alirudi kwao Nyakoe. Meja aliandika kwamba nidhamu imepanda.

Ijumaa alifika kwa Nyanchama na askari kanga wawili, polisi wa kienyeji, wenye mashoka. Alipoinua buti mlangoni, wanawake walijifunika nyuso wakapiga kelele.

"Mguu huo, bwana!" Obwocha alilia. "Mkwe hakanyagi mlango! Utatuletea laana!"

Askari kanga, wana wa huko huko, waliweka mashoka chini wakageuka.

"Waambie mimi si mkwe wao!" Meja alifoka.

"Ndiyo, bwana," Ombui akajibu. "Kwa hiyo niwaambie tumefuta nishani?"

Meja alijitazama kifuani. Kisha akashusha buti, nje ya mlango.

Jioni ile hakuwa na wa kumkaangia hata yai. Nyanchama alisikia, akasonga ugali, akauweka njia panda ndani ya bakuli lililofunikwa, mboga juu, akampa mgongo kama amri ilivyotaka. Ni Ombui aliyemsimulia kwamba Meja, kabla ya kufunua bakuli, alisimama wima akalipigia saluti.

"Maskini, alikuwa na njaa," Nyanchama alisema. "Mwambie bakuli aliache pale pale. Asije nalo mlangoni."