Vita Vyangu na Alama ya Kuuliza

Jumatatu, 4 Machi

Mhariri kasafiri. Kabla ya kuondoka katangaza kwamba ukurasa wa mwisho wa gazeti utabaki na safu moja tu. Ama yangu, inayochoma wanafiki kila wiki, ama ya Bibi Mbolea, mama mpole anayeandika kuhusu bustani. Eti barua za wasomaji ndizo zitaamua. Samadi kushindana na fikra! Nimesoma maktaba nzima mimi, leo napimwa mizani moja na bilinganya!

Fundi wa kompyuta anaanza likizo. Nimejitolea kumshikia zamu. Kaniuliza kama naijua programu. Nikamwambia aliyeielewa falsafa hashindwi na mashine ya kufuata amri. Kacheka. Nimemsamehe.

Jumanne, 5 Machi

Nimeupata mlango! Kila barua pepe ya ofisi hupita kwenye mstari mmoja wa programu: ikiwa maandishi yana alama ya dola, yatupwe pipani. Basi! Mashine haisomi wala haielewi. Inapekua alama moja moja, ikiikuta iliyokatazwa, inatupa. Bawabu asiye na maswali.

Nikachungulia barua za Bibi Mbolea. Zote kuuliza. Nyanya zangu zinanyauka, nifanyeje? Mdudu huyu ni nani? Zangu haziulizi. Zangu zinawaka: Wachape! Aibu yao! Safi kaka!

Nimefuta dola, nimeweka alama ya kuuliza. Amekwisha, yule mama, wala hajui. Nimelala fofofo.

Jumatano, 6 Machi

Kwangu, mafuriko! Hongera! Umechaguliwa! Wewe ndiye mshindi, fungua hapa! Sikujua napendwa kiasi hiki. Nimewaonyesha ofisi nzima. Msoma prufu kasema hao ni matapeli wa dola, na kwamba hata paka wake angeandikiwa. Kijicho tu.

Jambo moja limenikera. Shemeji aliahidi kutuma barua ya kunisifu. Niliitunga mwenyewe ili asihangaike: Nani mwingine angethubutu? Nani kama yeye? Haikufika. Nikampigia, nikamwita mvivu. Kaapa ameituma tangu asubuhi. Nikaikuta pipani. Jioni nilipomsimulia mke wangu, kauliza ni nani huyo aliyeijaza maswali. Nikatoka nje kupunga upepo.

Alhamisi, 7 Machi

Watu wa mboga hawajui kuandika! Mmoja kamwandikia Bibi Mbolea: Shangazi nisaidie mchicha wangu umeliwa wote. Hakuna alama hata moja, ujumbe umepita mbele ya bawabu kifua mbele. Ziko nyingi za namna hiyo. Elimu imekufa, nimelisema miaka yote.

Nimekaza uzi. Sasa barua isiyo na alama ya mshangao nayo haipiti. Moto uingie, maji yabaki nje!

Mchana zikaanza kumiminika. Shangazi, zimeshika! Mungu akubariki mama! Maboga kama vichwa vya watu! Kumbe majibu yake ya toleo lililopita yamefanya kazi. Mwanamke ana hila.

Halafu kaja mezani kwangu na mfuko wa nyanya. Kasema pole na kazi kaka, naona maswali yamepungua, labda wamenichoka. Nikamwambia ndiyo hali ya dunia, dada. Nyanya nimezila. Tamu, kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 8 Machi

Mhariri kapiga simu, nusura anitoboe sikio. Kauliza kwa nini nimemdharau. Nikauliza nimemdharau vipi. Kumbe juzi aliniandikia! Alikuwa ameshaamua; barua zilikuwa za kutuchangamsha tu. Ujumbe huu hapa, nimeufukua pipani, umelala kifudifudi kati ya kunguni wa mihogo na ukungu wa maharage: Ukurasa ni wako. Utauchukua? Nijibu kabla ya Alhamisi jioni.

Nilipokaa kimya kadhani nimenuna, kama kawaida yangu. Kampa Bibi Mbolea. Nikasingizia mtandao. Kasema mtandao haujanuna.

Bibi Mbolea kaja kunipa pole, machozi yanamlengalenga, eti mimi ndiye niliyestahili. Msoma prufu kacheka hadi kashika ukuta. Mke wangu, nilipompigia, hakucheka. Kaniuliza tu, mume wangu, umejifunza nini?

Nimejifunza mengi! Nimetafakari kwa utulivu, na kosa liko wazi kama jua. Alama ya kuuliza haina hatia, hata Mhariri huitumia. Adui ni mkato. Bustani imejaa mikato: mbegu, maji, kivuli, subira. Mwenye hoja hapumui katikati ya sentensi! Mhariri anarudi Jumatatu. Akikuta barua za mama yule zimekauka, ukurasa utarudi kwa mwenyewe.

Fundi naye harudi mpaka Jumatatu. Niko kwenye kiti chake. Nimefuta alama ya kuuliza, nimeweka mkato.